Tairi halipasuki ghafla

Kila mara basi linapoacha njia na kubingirika, taarifa inayotufikia huwa na sentensi moja ambayo masikio yetu yameizoea: yasemekana tairi la mbele lilipasuka, dereva akashindwa kulidhibiti gari. Baada ya sentensi hiyo hapaulizwi swali jingine. Majeruhi hukimbizwa hospitalini, maiti hupelekwa mochari, mabaki ya gari hukokotwa hadi kituo cha polisi, na huko matangani mzee mmoja husimama kutukumbusha kwamba ajali haina kinga. Nasi sote huinamisha vichwa kukubali. Tairi lenyewe, ambalo ndilo lililolaumiwa, huachwa kando ya barabara hadi litakapookotwa na mtu wa kukata akala.

Nia yangu leo ni kuomba tairi hilo lirudishwe na lisikilizwe. Ushahidi wake ni mfupi, nao ni kwamba tairi halipasuki ghafla. Jambo ambalo abiria huliona kuwa tukio la kufumba na kufumbua ni hatua ya mwisho ya safari iliyoanza miezi mingi nyuma, pengine miaka. Ndani ya mpira mlikuwa na ufa. Ufa huo ulikuwa ukikua kidogo kidogo, kila gurudumu lilipozunguka, na palikuwa na watu kadhaa ambao wangaliweza kuuona au kuukisia kama wangalitaka. Chovya chovya humaliza buyu la asali, nao mpira humalizwa vivyo hivyo.

Wale tuliolelewa mashambani twakumbuka manati. Tulikata vipande viwili vya mpira kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, tukavifunga kwenye panda ya mti, tukaenda kuwinda ndege waliokuwa wakila mtama. Manati mpya ilivutwa mara mia, pengine mara elfu, bila kulalamika. Kisha siku moja, kwa mvuto uleule wa kila siku, mpira ulikatika na kumchapa mwenyewe usoni. Haukukatika kwa sababu siku hiyo ulivutwa zaidi. Wala haukukatika katikati, bali palepale penye fundo, mahali ambapo kamba iliubana na kuukwaruza. Mwenye macho makali angaliona, siku kadhaa kabla, ufa mwembamba kama unywele pembeni mwa fundo hilo. Manati ilikuwa ikitufundisha habari yote ya mpira, ila sisi mawazo yetu yalikuwa kwa ndege.

Ili tuelewe kwa nini mpira huchoka, yafaa tujue umeumbwaje. Mpira asilia ni utomvu wa mti uitwao Hevea brasiliensis, ambao asili yake ni misitu ya Amazon. Siku hizi upo pia mpira wa viwandani unaotengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, na tairi moja huwa na mchanganyiko wa aina zote mbili. Ukiutazama kwa jicho la mwanakemia, mpira ni nyuzi ndefu mno za molekuli, zimejikunja na kuingiliana kama tambi zilizopikwa. Mwaka 1839, Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa, nyuzi hizo hufungamana kwa vifundo hapa na pale. Vifundo hivyo ndivyo vinavyoufanya mpira urudie umbo lake baada ya kuvutwa. Lakini mfupa wa mtu ukivunjika huunga, na ngozi ikichunika huota upya. Mpira hauna uhai. Uzi wake ukishakatika, umekatika milele.

Tena hakuna mpira unaotoka kiwandani ukiwa mkamilifu. Mnaweza kuwa na punje ya vumbi ndani yake, donge dogo la masizi ambayo hayakuchanganyika vyema, au mkwaruzo ulioachwa na kalibu. Dosari hizo huwa na ukubwa wa sehemu chache tu kati ya mia moja za milimita, na jicho haliwezi kuziona. Hata hivyo, zatosha. Mwuza vitambaa sokoni anapotaka kukupasulia mita mbili, hahangaiki kukata kitambaa chote kwa mkasi. Hukichanja kidogo ukingoni, kisha hukishika kwa mikono miwili na kukivuta, nacho huchanika chenyewe hadi mwisho. Kazi yote ya mikono yake imekusanyika kwenye ncha ya ule mchanjo. Ndivyo ilivyo kwa mpira. Mkazo ambao mahali pazima usingeweza kudhuru chochote, hukusanyika kwenye ncha ya dosari na kukata nyuzi chache. Mzunguko unaofuata hukata nyingine chache.

Jambo hili lilianza kuwekwa kwenye mizani ya kisayansi kule Uingereza mwaka 1953, wakati Rivlin na Thomas walipochapisha utafiti wao kuhusu kuchanika kwa mpira. Badala ya kuuliza mpira una nguvu kiasi gani, waliuliza ni nishati kiasi gani inayoachiliwa ufa unaposogea mbele. Katika miaka iliyofuata, Thomas na wenzake walipima jinsi ufa unavyokua kwa kila mvuto mmoja, wakaona kwamba ukuaji huo hufuata kanuni. Katika mpira asilia, nishati hiyo ikiongezeka maradufu, ufa hukua mara 4 upesi zaidi. Katika aina ya mpira wa viwandani itumiwayo sana kwenye matairi, ijulikanayo kama SBR, ukuaji hukaribia mara 16. Fauka ya hayo, kadiri ufa unavyorefuka ndivyo nishati inayoulisha inavyoongezeka. Ufa wa leo ndio unaoharakisha ufa wa kesho, na ndiyo maana miezi mingi hupita bila dalili yoyote, kisha mwisho huja kwa kasi.

Msomaji mmoja atauliza haya yanahusu nini matatu ya kwenda Kisumu. Na tupige hesabu. Gurudumu la matatu ya kawaida lina mzingo wa takriban mita 2. Hivyo huzunguka kama mara 500 kwa kila kilomita. Safari ya kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kiasi cha kilomita 480. Kwa safari hiyo moja, kila tairi huzunguka takriban mara 240,000, na kila inapozunguka, kila sehemu yake hubanwa dhidi ya lami, hubonyea, hututumka ubavuni, kisha huachiliwa. Tairi likiisha kwenda kilomita 50,000, limekunjwa na kukunjuliwa mara milioni 25. Manati yetu ilikatika baada ya mara elfu chache.

Sasa tuongeze mzigo. Mkunjo wa tairi ukizidi, nishati inayoulisha ufa haiongezeki kwa kiasi hicho hicho, bali huongezeka takriban kwa kipeo cha pili. Kwa kukadiria tu, mkunjo ukizidi kwa sehemu moja ya tano, ufa katika mpira asilia huweza kukua mara mbili upesi zaidi, na katika SBR zaidi ya mara nne. Sehemu hiyo ya tano hupatikana kwa njia mbili zilizo rahisi mno: kuongeza abiria na magunia, au kuliacha tairi likose upepo wa kutosha. Aghalabu sisi hufanya yote mawili kwa pamoja. Utingo anayesema "songeni, bado mmoja" hadhani kwamba anamwongezea mtu hatari. Gari si linaondoka? Si linafika? Kweli hufika. Hufika leo, na kesho, na mtondo. Gharama ya abiria huyo wa ziada haikulipwa siku alipopanda. Imeandikwa kwenye daftari la mpira, na atakayekuja kuilipa huenda akawa mtu mwingine kabisa, aliyeketi vizuri kwenye kiti chake na kufunga mkanda.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba kinachouchosha mpira si uzito peke yake, bali ni kule kwenda na kurudi. Mwaka 1940, Cadwell na wenzake wa kampuni ya United States Rubber walichapisha majaribio yaliyowashangaza wengi. Walitambua kwamba kipande cha mpira asilia kinachovutwa kisha kuachiliwa hadi kulegea kabisa huchakaa upesi kuliko kile kinachovutwa zaidi lakini hakiruhusiwi kulegea kabisa. Sababu yake ni kwamba mpira asilia ukivutwa sana, nyuzi zake hujipanga sambamba na kuwa ngumu kwenye ncha ya ufa, mithili ya walinzi waliojipanga mlangoni. Mpira ukilegea kabisa, walinzi hao hutawanyika. Ndiyo maana wahandisi wengi hupenda bushi na mipira ya kushikilia injini ikae ikiwa imebanwa kidogo wakati wote. Na ndiyo maana fundi anayefunga bushi ovyo, ikawa inachezacheza, amemuuzia mteja wake kifaa kipya chenye siku chache za kuishi.

Adui wa pili ni joto. Mpira unapokunjwa haurudishi nishati yote uliyopewa. Sehemu yake hugeuka kuwa joto. Kwa kuwa mpira haupitishi joto kwa wepesi, joto hilo hubaki ndani, hasa mahali penye unene, kule begani mwa tairi ambako kingo za mikanda ya nyuzi za chuma zimezikwa. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hukunjika zaidi na kwa hivyo huchemka zaidi. Dereva anaposimama Mtito Andei saa saba mchana na kuligusa tairi, huondoa mkono upesi. Wapo madereva ambao wakati huo huo hupunguza upepo, wakidhani wanalipumzisha tairi lisije likapasuka. Kumbe wanalitendea kinyume. Upepo ulioongezeka kwa joto ni jambo la kawaida ambalo mtengenezaji amelizingatia. Ukiupunguza, tairi litakunjika zaidi katika kilomita zinazofuata, na joto litapanda kuliko mwanzo. Upepo hupimwa asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi.

Adui wa tatu ni hewa yenyewe. Miongoni mwa gesi zilizomo hewani imo ozoni, ambayo huzidi penye jua kali na moshi mwingi wa magari. Kiasi chake ni kidogo mno, lakini huushambulia mpira uliovutwa na kuukata uso wake. Nyufa za ozoni huutambulisha uhasidi wake kwa namna zinavyokaa, kwani hukatiza upande ambao mpira unavutwa. Tazama kamba ya mpira ambayo mwendesha bodaboda amefungia mzigo wake. Palipopinda juu ya chuma utaona vijistari vingi vilivyopangana kama mistari ya daftari. Watengenezaji wa matairi huchanganya nta na kemikali za kuuhami mpira, lakini kinga hiyo ina kikomo. Oksijeni nayo huingia polepole, mwaka baada ya mwaka, ikaufanya mpira kuwa mgumu na mkavu. Maana yake ni kwamba tairi huzeeka hata likiwa halitembei. Tairi la akiba lililokaa chini ya gari miaka kumi halijazunguka hata kilomita moja, lakini si jipya.

Waingereza walijifunza somo hili kwa machozi. Septemba mwaka 2012, basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka tamasha la muziki katika Kisiwa cha Wight liliacha njia huko Surrey baada ya tairi la mbele kupasuka. Watu watatu walikufa, dereva akiwa mmoja wao. Uchunguzi ulionyesha kwamba tairi hilo lilikuwa na umri wa miaka 19. Meno yake, yaani ile mifereji ishikayo barabara, yalikuwa na kina cha kutosha kabisa mbele ya sheria. Mkaguzi yeyote aliyeyapima meno hayo angalilipitisha, maana sheria haikutaja umri. Mama wa kijana mmoja aliyefariki hakukubali kuambiwa kwamba ajali haina kinga. Alifanya kampeni kwa miaka mingi, hata tarehe 1 Februari 2021 ikaanza kutumika sheria inayopiga marufuku matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye ekseli za mbele za malori na mabasi, na kwenye magurudumu yote ya mabasi madogo yenye tairi moja moja kila upande.

Wamarekani nao wana kisa chao. Agosti mwaka 2000, kampuni ya Bridgestone/Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5 yaliyokuwa barabarani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Wachunguzi wa serikali walibaini kwamba nyufa zilianzia kwenye kingo za mikanda ya chuma, mle ndani kabisa, zikaenea baina ya mkanda na mkanda hadi ngozi ya juu ikabanduka gari likiwa katika mwendo wa kasi. Matukio hayo yalikithiri katika majimbo yenye joto kama vile Arizona, Florida na Texas. Vifo 271 vilihusishwa na matairi hayo. Kwa wenye magari hayo, tairi lilikuwa likionekana zima, kwa sababu ufa wenyewe ulikuwa mahali ambapo jicho halifiki.

Turudi nyumbani. Haifai kusema kwamba nchi yetu haijafanya lolote. Kanuni za mwaka 2003, ambazo wananchi waliziita sheria za Michuki, zilileta vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama, na zikapunguza kule kushindiliana ndani ya matatu. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na magari ya abiria hupaswa kukaguliwa kila mwaka. Kuna pia mizani ya Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye inayoyazuia malori yaliyopakia kupita kiasi yasiharibu barabara. Haya yote ni mema. Lakini tukiyatazama kwa makini, twaona kwamba tumemwekea sheria dereva, tumemwekea sheria abiria, na tumeihurumia lami. Mpira, ambao ndio pekee ulio baina ya gari na lami, tumeuachia bahati.

Chukua ukaguzi wa mara moja kwa mwaka. Matatu inayokwenda Nakuru na kurudi Nairobi mara mbili kwa siku husafiri zaidi ya kilomita 600. Ikifanya kazi siku 25 kwa mwezi, imekwenda zaidi ya kilomita 15,000. Kwa mwendo huo, matairi yanayoweza kudumu kilomita 50,000 yatakuwa yamekwisha kabla ya mwezi wa nne kumalizika. Hivyo tairi alilolitazama mkaguzi Januari si lile linalowabeba watu Juni, na lile la Juni silo litakalowabeba watu Krismasi, wakati ambapo safari ni nyingi na mizigo ni mikubwa. Cheti kilichobandikwa kwenye kioo ni cha kweli, lakini kinasema habari za matairi ambayo yamekwisha kugeuzwa akala.

Halafu kuna suala la umri, ambalo wengi wetu hatujui hata kwamba laweza kusomwa. Kwenye ubavu wa kila tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000 kumechapwa tarakimu nne, aghalabu ndani ya umbo la yai. Mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 3518 lilitengenezwa katika juma la 35 la mwaka 2018. Pengine tarakimu hizo ziko upande wa ndani, na itakubidi uiname. Inama. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, ujue kwamba tairi hilo ni la karne iliyopita. Tangu kiwanda cha matairi cha Nairobi kisitishe uzalishaji mwaka 2016, matairi mengi tunayotumia huvuka bahari, hukaa maghalani, kisha hupangwa mbele ya maduka juani. Neno "jipya" kinywani mwa mwenye duka humaanisha kwamba halijatumika. Halimaanishi kwamba ni changa.

Siwezi kunyamaza kuhusu ufundi wetu wa kuyarudishia matairi ujana. Kuvisha tairi kuukuu ngozi mpya si kosa. Hata matairi ya ndege huvishwa ngozi mpya mara kadhaa, lakini baada ya kiunzi chake kuchunguzwa kwa vyombo vya kitaalamu. Kosa ni kuvisha ngozi mpya juu ya mifupa iliyokwisha oza. Wapo wanaochonga mifereji mipya kwa kisu chenye moto kwenye tairi kipara, wakipunguza mpira uliosalia na kuchora kwa mikono yao wenyewe zile dosari ambazo nilisema ufa huanzia hapo. Wapo pia wanaolipaka tairi rangi nyeusi likang'aa kama kiatu cha bwana harusi, na chini ya rangi hiyo nyufa zimejaa. Mwenye kufanya hivyo anaficha ushahidi kabla kosa halijatendeka.

Najua jibu nitakalopewa na wenye magari. Watasema matairi ni ghali, mafuta ni ghali, barabara zina mashimo, matuta hayana idadi, na jioni dereva lazima alete hesabu ya tajiri. Sibishani nao. Tairi moja la basi laweza kummeza mwenye gari faida ya siku nyingi. Lakini mpira nao una hesabu yake, na hesabu hiyo haisamehewi kwa sababu biashara ni ngumu. Isitoshe, jambo linalorefusha maisha ya tairi kuliko yote ni lile lisilogharimu kitu: kupima upepo kila asubuhi na kutopakia kupita kiasi. Upepo si ghali. Ghali ni uvivu wa kuinama na kipimo.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila sacco iwe na daftari la matairi. Kila tairi liandikwe tarehe lilipotengenezwa, siku lilipofungwa, na kilomita lilizokwenda, kama vile kliniki inavyoandika uzito wa mtoto. Siku ya kulitoa iamuliwe na daftari, isingojee meno yaishe. Pili, ukaguzi wa magari ya abiria uutazame umri wa tairi na nyufa za ubavuni pamoja na meno, na uwe wa mara kwa mara na wa kushtukiza, njiani na kwenye vituo vya matatu. Umri wa juu uwekwe katika sheria, kama walivyofanya wengine baada ya kuzika watoto wao. Tatu, na hili naliona kuwa kubwa zaidi, taarifa ya ajali isiishie kwenye maneno "tairi lilipasuka". Vipande vyake vikusanywe na vihifadhiwe kama ushahidi mwingine wowote. Mtaalamu akiutazama uso wa ufa huweza kutofautisha sehemu iliyosuguana na kulainika kwa miezi mingi na sehemu iliyochanika siku ile. Tofauti hiyo ndiyo tofauti baina ya bahati mbaya na uzembe, na mahakama yapaswa kuijua.

Nasi abiria tusijitoe lawamani. Twauliza nauli ni ngapi, twauliza gari litaondoka saa ngapi, twachagua lenye muziki mzuri. Kulizunguka gari mara moja na kuyatazama matairi yake huchukua muda mfupi kuliko kubishania shilingi hamsini. Ukiona ubavu una vijistari kama udongo wa kiangazi, au umevimba mahali kama jipu, hapana aibu kushuka. Utingo atacheka. Mwache acheke.

Wahenga wetu walisema ajali haina kinga, lakini ni hao hao waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sijui kwa nini matangani hunukuliwa methali ya kwanza pekee. Kwa mpira, ile ya pili ni kali zaidi kuliko walivyokusudia, kwa sababu ufa wa mpira hauzibiki. Kazi iliyobaki ni kuutambua mapema na kulistaafisha tairi lingali zima, likakatwe akala, limtumikie mtu anayetembea kwa miguu yake. Akala ikikatika njiani, mwenyewe huivua na kuendelea na safari akiwa pekupeku. Tairi la basi halitoi nafasi hiyo.